Samli, Mabua na Theluji

Msomaji mpenzi, ukitoka bara ukashuka Mombasa kwa mara ya kwanza, usishangae ukipita mbele ya baraza ya wazee na kusikia sauti ikikuita, "Ndoo!" Ikiwa umefundishwa Kiswahili cha vitabuni tu, utatazama huku na huku kutafuta chombo cha maji, na pengine utauliza hiyo ndoo iko wapi. Mzee hana haja ya ndoo. Anakwambia njoo. Katika Kimvita njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Watu watacheka, nawe utacheka, na jambo litakwisha. Lakini nakuomba ukichunguze kicheko hicho, maana kimewapata wasafiri wa kila zama, na mara nyingi kimewafuata hata baada ya kurudi kwao.

Tumchukue Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325 aliaga wazazi wake akaenda kuhiji, na asirudi katika nchi yake mpaka mwaka 1349. Sisi wa Afrika ya Mashariki twamjua kwa sababu mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akasimulia habari za ndizi zake na za misikiti yake ya mbao. Hayo umekwisha kuyasoma katika vitabu vya historia, kwa hiyo sitayarudia. Napenda umtazame mahali pengine, ambapo masikio yake na ngozi yake vilimpa taabu kubwa zaidi.

Baada ya hija yake ya kwanza, ya mwaka 1326, alifika Basra, katika nchi ya Iraki. Basra ulikuwa mji wenye sifa kubwa katika elimu ya sarufi ya Kiarabu. Hapo ndipo aliposoma Sibawayhi, mtaalamu wa karne ya nane ambaye kitabu chake kingali msingi wa elimu hiyo mpaka leo. Basi Ibn Battuta aliingia msikitini siku ya Ijumaa akiwa na matumaini makubwa. Khatibu akasimama, akaanza hotuba, na makosa ya sarufi yakamwagika kama mtama katika gunia lililotoboka. Ili upate kufahamu uchungu wake, fikiri kwamba umesafiri miezi mingi kwenda kusikiliza Kiswahili safi katika chimbuko lake, kisha msemaji mkuu anasimama na kusema "kitabu imeanguka." Mgeni alikwenda kwa kadhi kushtaki jambo hilo. Kadhi alimjibu kwamba katika mji ule hakuwa amebaki hata mtu mmoja aliyejua sarufi.

Jibu hilo huchekesha, lakini lina huzuni ndani yake. Tena lina mzaha wa pili ambao si kila msomaji huuona. Sibawayhi mwenyewe hakuwa Mwarabu, alitoka Uajemi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alikosea katika kusoma mbele ya mwalimu wake, akaaibika, akaapa kutafuta elimu ambayo ingemzuia mtu yeyote kumsahihisha tena. Basi mtu aliyewawekea Waarabu kanuni za lugha yao alikuwa mgeni aliyepata kukosea, na mtu aliyewasikitikia watu wa Basra kwa kuzisahau kanuni hizo alikuwa mgeni kutoka Moroko. Wenyeji, kwa upande wao, waliendelea kusema walivyosema.

Miaka michache baada ya kuiona Kilwa, Ibn Battuta alikuwa Anatolia, nchi iliyo sehemu ya Uturuki wa leo, nayo ilikuwa majira ya baridi. Hakujua Kituruki, na wenyeji wake, ingawa walimkirimu mno, hawakujua Kiarabu. Siku moja msafara ulihitaji samli. Neno letu hilo samli asili yake ni Kiarabu, samn. Walimpa mwenyeji mmoja fedha, wakamtaja samn, akaenda zake sokoni. Aliporudi alikuwa amebeba mabua makavu ya kulishia wanyama! Mtu yule hakuwa mjinga hata kidogo. Kwa Kituruki mabua hayo huitwa saman, naye alileta kile alichosikia. Waona, basi, kwamba mzee wa Mombasa na ndoo yake ana jamaa wa zamani sana.

Katika mji mwingine wa nchi hiyo jambo lilikuwa zito zaidi. Mwenyeji wao, alipoona hawaelewani, alimwita fakihi mmoja ambaye watu wote waliamini kwamba anajua Kiarabu. Fakihi akaja. Wageni wakamsemesha, naye hakufahamu neno. Hapo heshima yake yote ilikuwa juu ya wembe, kwa kuwa mji mzima ulimtegemea kwa elimu hiyo. Akamgeukia mwenyeji, akamwambia kwa Kiajemi kwamba watu hawa wasema Kiarabu cha kale, na yeye ajua Kiarabu kipya tu. Mwenyeji alisadiki. Tena aliwazidishia wageni heshima, kwa kuwa Kiarabu cha kale, alisema, ndicho alichosema Mtume na masahaba wake. Hivyo fakihi alisalimika, na wageni wakala vizuri zaidi. Ibn Battuta hakufahamu wakati ule kilichosemwa. Alizihifadhi sauti za maneno yale moyoni kama kasuku, na siku alipojifunza Kiajemi ndipo alipoijua hila yote. Mimi humpenda Ibn Battuta kwa jambo hilo moja kuliko kwa maelfu ya maili aliyotembea. Mtu aliyeweza kubeba maneno asiyoyafahamu kutoka nchi hata nchi, akingoja siku ya kuyafungua, alikuwa na sikio la haki.

Hatimaye walimpata mkalimani wa kweli, haji mmoja aliyejua lugha zote mbili, lakini alikuwa mwizi. Kila aliponunua kitu sokoni alijimegea kidogo. Walimvumilia kwa kuwa bila yeye walikuwa mabubu, na mwishowe ikawa desturi kumwuliza kila jioni, "Haji, leo umetuibia kiasi gani?" Naye hutaja kiasi, nao wakacheka wote pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya ulimi katika nchi ya watu.

Baadaye, safari ilipomtoa Constantinople na kumpeleka kaskazini kuelekea mto Volga, alikutana na adui asiyesemezeka kwa ulimi wowote. Ilikuwa katikati ya kipupwe cha nyika zile, ambacho si kipupwe chetu cha kujifunika shuka mbili. Msafiri huyu, aliyekuwa ameonja joto la Yemen na la Kilwa, alivaa makoti matatu ya manyoya na suruali mbili. Miguuni alitia viatu vya sufu, juu yake viatu vyenye bitana ya kitani, na juu yake tena viatu vya ngozi ya farasi vyenye manyoya ya dubu ndani. Alitawadha kwa maji ya moto karibu na moto, na kila tone lililoanguka liliganda papo hapo. Akinawa uso, maji yaliteremka katika ndevu yakawa barafu, na alipozitikisa ndevu zilimwaga kitu kama theluji. Maji ya puani yaliganda juu ya masharubu. Kwa wingi wa nguo hakuweza kupanda farasi, ikabidi wenzake wamwinue na kumketisha juu ya tandiko kama mtoto mdogo. Kisha walisafiri siku tatu juu ya mto wenyewe, kwa kuwa Volga ulikuwa umeganda ukawa barabara.

Sasa, msomaji, jiulize: nani kule Moroko angeamini habari za mtu aliyetembea juu ya mto, au za mwingine aliyetumwa samli akaleta mabua? Hili si swali la bure. Ibn Khaldun, mwanahistoria mashuhuri aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ameeleza kwamba Ibn Battuta aliporudi na kusimulia mambo ya mfalme wa India, watu wa mjini Fez walinong'onezana kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun mwenyewe aliingiwa na shaka, akamwendea waziri mmoja. Waziri alimpa kisa cha mtu aliyefungwa gerezani pamoja na mwanawe mchanga. Mtoto alikua humo ndani asione mnyama yeyote isipokuwa panya. Siku moja aliuliza nyama wanayokula ni ya nini, na baba akamweleza kondoo alivyo. Mtoto akasema, "Kumbe, ni kama panya?" Kila mnyama aliyetajiwa, ng'ombe na ngamia, kwake alikuwa panya wa namna nyingine.

Karibu miaka mia tano baadaye kisa cha mtoto yule kilitokea tena, safari hii katika nchi zetu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikwenda Uchaga pamoja na kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe kilichong'aa kama wingu. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani, naye akamjibu kwa neno moja: "Baridi." Tafakari jibu hilo. Kiongozi alikuwa mtu wa pwani, ambako theluji haikupata kuonekana, na lugha yake ilikuwa haijahitaji jina la kitu hicho, kwa hiyo alikiita kwa kile kinachomfanyia mtu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, alifahamu mara moja. Baadaye alisikia kwamba Wachaga wenyewe walikuwa na jina lake, Kibo, na kwamba walijua kuwa kikitiwa motoni huwa maji.

Habari zilipochapishwa London mwaka 1849, msomi mmoja, William Desborough Cooley, alizidhihaki. Theluji karibu na mstari wa ikweta! Cooley alikuwa ameandika mengi juu ya Afrika ya Mashariki, na hakuwa amekanyaga Afrika ya Mashariki. La ajabu ni kwamba theluji ya ikweta ilikuwa imekwisha kujulikana kwa wasomi. Alexander von Humboldt aliipanda Chimborazo, huko Amerika ya Kusini, mwaka 1802. Sababu yake haina siri: kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii sita, na Kilimanjaro ina mita 5,895. Lakini Cooley alikwisha kuamua. Hata Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, alipoona theluji ya mlima mwingine kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, hakuamini. Mlima huo Wakamba huuita Kiinyaa, na Wagikuyu Kirinyaga. Krapf aliusikia kwa sikio lake la Kijerumani, akaandika Kegnia, na mara nyingine Kenia. Ramani zikalifuata sikio lake, na mwaka 1920 koloni zima likapewa jina la Kenya. Kwa hiyo ukiliandika jina la nchi yako juu ya daftari, waandika pia namna mgeni mmoja alivyosikia matamshi ya Wakamba.

Mwaka 1862 Baron Carl Claus von der Decken na Otto Kersten waliupanda Kilimanjaro wakapita mita 4,000, na theluji ikawaangukia usiku juu ya vichwa vyao. Ungedhani mabishano yalikwisha hapo. Cooley alimpongeza Baron kwa kejeli kwa kupatiwa tufani ya theluji kwa wakati uliomfaa hivyo. Alikufa mwaka 1883, na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni pa Kibo, wakipanda kwa ngazi walizozichonga katika barafu kwa mashoka.