Mlima Kabobo: miaka tisa kutoka hesabu ya wanyama hadi sahihi ya liwali

KALEMIE – Tarehe 21 Desemba 2016, liwali wa jimbo la Tanganyika, Richard Ngoy Kitangala, alitia sahihi amri iliyoufanya msitu wa Kabobo kuwa hifadhi ya asili, yenye kilometa za mraba 1,477. Jimbo lenyewe lilikuwa bado changa: lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa. Kutia sahihi ni kazi ya dakika moja, lakini amri hii ilihitaji karibu miaka kumi ya maandalizi. Leo, watu wanapobishana juu ya dhahabu, makala na mashamba ya mlimani, historia ya maandalizi hayo inafaa kujulikana.

Mlima Kabobo uko kaskazini mwa Kalemie, juu ya mwambao wa magharibi wa ziwa, kuelekea Fizi. Msitu wake wa milimani unaanza kwenye mwinuko wa karibu meta 1,500 na kupanda hadi zaidi ya meta 2,700. Mito inayotoka humo inaingia Ziwa Tanganyika. Miti ikikatwa kwenye miteremko, mvua inashusha udongo hadi ziwani, na udongo huo unafunika mawe ya kando ambako samaki wengi wanazalia. Kwa hiyo mambo ya mlima huu yanamhusu hata mvuvi ambaye hajawahi kuupanda.

Wataalamu walianza kuujua msitu huu katika miaka ya 1950. Alexandre Prigogine, mwanakemia Mbelgiji aliyefanya kazi kwenye machimbo ya Kivu na kupenda sana ndege, alieleza mwaka 1955 ndege mdogo ambaye hajaonekana kwingine duniani. Kwa kitaalamu anaitwa *Apalis kaboboensis*, yaani amebeba jina la mlima wetu. Miaka michache baadaye aina ya mbega wa Kabobo ilipewa jina la Prigogine mwenyewe.

Kisha kukawa kimya. Tangu uhuru wa 1960 mlima ulikaa bila uchunguzi wa kisayansi, kwa sababu ya maasi, vita na makundi yenye silaha. Kwa muda huo wote serikali haikuwa na chochote mkononi cha kuonyesha thamani ya Kabobo. Ramani zilionyesha rangi ya kijani, basi. Eneo jirani la Luama lilikuwa limetengwa tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya uwindaji, lakini msitu wa mlimani haukuwa na ulinzi wowote wa kisheria.

Mwaka 2007, usalama uliporudi kidogo, kati ya Januari na Machi kundi la watafiti liliingia msituni. Walikuwemo wa shirika la WCS, wa jumba la makumbusho la Field Museum la Chicago, na Wakongomani wa kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini. Walitega nyavu za popo, wakahesabu nyayo na viota, wakakusanya mimea. Walikuta sokwe, ambao wengi huku huwaita sokomutu, pamoja na tembo, nyati, chui na bongo. Walirudi pia na viumbe sita ambavyo sayansi ilikuwa haijavijua: popo mmoja, panya mmoja, wanyama wawili wadogo wenye pua ndefu wanaofanana na panya, na vyura wawili.

Kazi ya namna hiyo haina haraka. Mmoja wa wale wenye pua ndefu alipata jina lake rasmi, *Myosorex kabogoensis*, mwaka 2013, miaka sita baada ya kukamatwa. Kabla ya kuandika kwamba kiumbe ni kipya, mtaalamu analazimika kukilinganisha na vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho mbalimbali. Ndiyo maana ushahidi wake haupinduliwi kirahisi, hata na mwenye pesa za machimbo.

Katika safari hiyohiyo watafiti walizungumza pia na viongozi wa vijiji vya pembezoni. Jibu lililotolewa wakati ule ni kwamba wenyeji hawakukataa ulinzi wa msitu. Kwa kuwa watu wachache tu waliishi ndani kabisa, kulikuwa na nafasi ya kupanga mipaka kwa mazungumzo.

Jambo hilo lilikuwa na uzito, maana mashariki mwa Kongo kuna mifano miwili michungu. Kahuzi-Biega ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1970, na Batwa wakaondolewa kwenye msitu wao. Ugomvi wake haujaisha mpaka leo. Itombwe nayo ilitangazwa kuwa hifadhi kwa amri ya waziri mwezi Oktoba 2006, kabla wenyeji hawajaulizwa vya kutosha na kabla mipaka haijachorwa sawasawa. Miaka kumi ikatumika kurudi kijiji kwa kijiji kuchora ramani upya, hadi mipaka ikawekwa mwaka 2016. Huko sahihi ilitangulia, mazungumzo yakafuata.

Kabobo ilifuata njia nyingine, na sheria ikasaidia. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili ilichukua nafasi ya ile ya 1969. Inataka wananchi waulizwe kabla ya eneo kutengwa, na inakubali hifadhi zenye faida ya kijimbo. Ndiyo maana liwali wa Kalemie aliweza kuamua bila kungoja Kinshasa. Mezani kwake kulikuwa na mambo mawili pamoja: orodha ya viumbe, na mipaka iliyojadiliwa na wenyeji. Kabobo, Luama-Katanga na Hifadhi ya Ngandja upande wa Kivu Kusini zinagusana, na kwa pamoja zinakaribia kilometa za mraba 7,000.

Lakini sahihi hiyo iliwekwa wakati jimbo linaumia. Tangu 2013 mapigano kati ya Batwa na Waluba yalikuwa yamewatoa watu wengi vijijini, na wengi wao walikimbilia Kalemie. Mji ukikua, mahitaji ya makala nayo yanakua. Kaskazini, dhahabu ya Misisi katika wilaya ya Fizi inaendelea kuwavuta wachimbaji. Wafugaji nao wanatafuta majani kwa ng'ombe wao. Kila mmoja ana hoja yake, na njaa yake.

Batwa ndio wanaoweza kupoteza zaidi. Msitu ni duka lao, duka la dawa na makaburi ya wazee wao. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu asilia wa Kongo, pamoja na ardhi na mali asili wanazozitegemea. Sheria hiyo na ile ya 2014 lazima zisomwe pamoja. Mlinzi wa ICCN akizijua zote mbili, atatofautisha mama anayechuma uyoga na mtu mwenye msumeno wa mashine.

Ushahidi nao unazeeka. Hesabu ya 2007 inaeleza Kabobo ya 2007, kabla ya vita vya karibuni na kabla ya mji kujaa. Anayetaka leo kusogeza mpaka, awe mchimbaji, mfugaji au ofisi ya serikali, aje na hesabu mpya na aketi na vijiji kama ilivyofanyika awali. Na matokeo yasibaki kwenye vitabu vya Kifaransa na Kiingereza. Yasomwe kwa Kiswahili, Kibembe na Kiholoholo, mbele ya watu ambao walionyesha mpaka unapita wapi.