Ubavuni mwa Tairi

Volkswagen ya marehemu mjomba, ile yenye mgongo wa kobe, imekaa nyuma ya nyumba ya bibi tangu sijazaliwa. Bibi husema mjomba aliivalisha matairi mapya mwaka 1978, akaenda vita vya Kagera, asirudi. Mimi nataka kuitungia riwaya. Basi juzi nikachukua tambara lenye maji nikasugua tairi moja ubavuni.

Ikatokea 5.60-15, yaani upana inchi 5.60 na rimu inchi 15. Herufi R haikuwepo: nyuzi zake zimelazwa mshazari kizamani, si kama tairi la radiali ambalo Michelin walianza kuliuza 1949.

Nikasugua tena. DOT! Hapo moyo ukanidunda. Alama hiyo ya Wamarekani ilianza miaka ya 1970 mwanzoni, na tarakimu zake za mwisho hutaja siku za kuzaliwa kwa tairi. Hili: 128. Wiki ya 12, mwaka unaoishia na 8. Si ndiyo 1978 hiyo?

Taratibu, bwana. Kabla ya mwaka 2000 waliandika tarakimu 3 tu, muongo hawautaji. Matairi mengi ya miaka ya 1990 yalitiwa pembetatu ndogo pembeni, hili halina. Basi ni 1978, au 1988.

Na kama ni 1988, nani alikuwa akiliendesha gari la marehemu?

Nikamwuliza bibi. Akaniangalia weee. "Mjukuu wangu, umeniuliza mimi au umeuliza tairi?"

Sikujibu. Kwenye daftari langu, mstari wa kwanza, nafasi ya mwaka bado iko wazi.