Saratani ya utumbo mpana: Jinsi ya kuigundua mapema ikirudi baada ya upasuaji

Kidonda kikishapona, wagonjwa wengi waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana huona mambo yameisha. Lakini chembe chache zilizobaki zinaweza kukua tena kimyakimya kwenye ini, mapafu, utando wa ndani ya tumbo au pale pale utumbo ulipounganishwa.

Saratani nyingi zinazorudi hujitokeza ndani ya miaka 3 ya kwanza. Ndiyo maana kliniki huwa za mara kwa mara kipindi hicho, kisha hupungua hadi miaka 5 itimie.

Vipimo muhimu

CEA: Ni kipimo cha damu, kwa kawaida kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6. Hupima protini inayotolewa na saratani nyingi za utumbo. Daktari haangalii namba moja tu, anaangalia kama inapanda kila ukipima. Sigara na magonjwa ya ini pia huipandisha, na zipo saratani zisizoitoa kabisa. Kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

CT-Scan ya kifua na tumbo: Kila miezi 6 hadi 12 kwa waliokuwa kwenye hatari kubwa. Huonyesha uvimbe mgonjwa akiwa bado hajisikii chochote. Vivimbe vya chini ya sentimita 1 kwenye utando wa tumbo vinaweza kuipita, na hapo daktari huweza kuingiza kamera kupitia tundu dogo tumboni.

Kolonoskopi: Kamera hupitishwa njia ya haja kubwa mwaka 1 baada ya upasuaji. Utumbo ukiwa safi, hurudiwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 5.

Dalili za kutopuuza

- Damu kwenye choo
- Kufunga choo au kuharisha kusikoisha
- Kupungua uzito bila sababu
- Tumbo kujaa au kuuma
- Macho kuwa ya njano

Ukiona mojawapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda mapema.

Kuwahi kunasaidia nini?

Vivimbe vikiwa vichache kwenye ini vinaweza kukatwa, na baadhi ya wagonjwa hupona kabisa. Vikishasambaa, mara nyingi matibabu hulenga kurefusha maisha na kupunguza maumivu. Tunza majibu yote ya vipimo, maana daktari atayalinganisha na mapya.