Vita Havikumaliza Ndagala Peke Yake

Sisi watu wa Uvira tunaoishi hapa Kansanga tukiulizwa ndagala walienda wapi, jibu letu ni moja: vita. Ni kweli, vita vilitutoa ziwani. Lakini samaki walikuwa wameanza kupungua zamani.

Kwetu karibu na ikweta, jua halibadiliki sana mwaka mzima. Upepo ndio unaoyapa maziwa majira yake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo mkavu wa kusini-mashariki unapoza Ziwa Tanganyika upande wa kusini na kusukuma maji ya moto kuja kaskazini, kwetu. Kule Mpulungu, Zambia, maji baridi ya chini yanapanda. Upepo ukitulia, ziwa linayumba ndani kwa ndani kama beseni lililotikiswa. Maji hayo ya chini yana mbolea: inakuza mimea midogo sana, vidudu vinakula mimea, ndagala wanakula vidudu, mukeke anakula ndagala.

Ziwa Victoria, hili tunaloliona pale Ggaba, lina kina cha mita 80 hivi tu. Upepo wa Juni na Julai unaweza kulikoroga mpaka chini. Tanganyika ina mita 1,470, kwa hiyo upepo unakoroga sehemu ya juu tu.

Joto la Tanganyika lilipimwa mwaka 1913, enzi za Wabelgiji na Wajerumani. Mwaka 2003 watafiti walilinganisha vipimo vile na vya kwao. Kumbe ziwa lilikuwa limepata joto, hasa maji ya juu. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea kama mafuta kwenye mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini. Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba mimea ile midogo ilikuwa inazalishwa pungufu kwa asilimia 20, na hiyo ingepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma matope ya chini ya ziwa: mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Basi ndugu zangu, tusimalizane kwa maneno, Mkongo akimlaumu Mrundi, huyu akimlaumu yule. Nyavu za matundu madogo zina makosa yao, ndiyo. Lakini anayepanga kurudi kwenye mtumbwi asiulize habari ya amani tu. Aulize na kiangazi kilivumaje.