Nafuu Isiyofika Sokoni: Fedha za Kaunti za Kenya katika Janga la Uviko-19

Tangu Richard Musgrave alipochapisha nadharia yake ya fedha za umma mwaka 1959, na Wallace Oates akaiendeleza mwaka 1972, wanazuoni wa fani hiyo wamekubaliana kwa sehemu kubwa kwamba kuunusuru uchumi unapoyumba ni kazi ya serikali kuu. Serikali kuu ndiyo inayokopa kwa urahisi, ndiyo yenye benki kuu, na nafuu inayotolewa na mji mmoja huvuja hadi kwa majirani wasioichangia. Anayeifuata hoja hiyo hadi mwisho atasema kwamba kaunti 47 za Kenya hazikuwa na la kufanya mwaka 2020 ila kutekeleza maagizo kutoka Nairobi. Makala haya yanaukubali msingi wa nadharia na kulikataa hitimisho hilo. Musgrave na Oates wanachukulia kwamba kodi za serikali kuu zinamgusa anayehitaji kusaidiwa. Mahali ambapo wafanyabiashara wengi wako nje ya kodi hizo, kuzipunguza ni kuwapa nafuu watu wengine.

Tuzitazame hatua zenyewe. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kodi ya ongezeko la thamani ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, na kwamba wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wasingekatwa kodi kabisa. Mama mboga wa Kongowea, Mombasa, hana mshahara wa kukatwa. Mboga na matunda mabichi hayatozwi kodi ya ongezeko la thamani. Sheria iliyopitishwa Aprili mwaka huo iliwaacha nje ya kodi ya mauzo wote ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 1 kwa mwaka. Labda alipata unafuu kidogo alipokwenda dukani kununua sabuni, iwapo mwenye duka alishusha bei. Katika biashara yake hakupata kitu. Malipo anayoyajua ni ushuru wa soko na leseni, na yote mawili, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, yako mikononi mwa kaunti. Tena ushuru wa soko hutozwa kwa meza au kwa gunia, si kwa faida. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliyakata masaa ambayo watu hutoka kazini na kununua mboga ya usiku. Tukisie kwamba mchuuzi aliuza bidhaa za shilingi 2,000 na kulipa ushuru wa 50: hiyo ni asilimia 2.5. Mauzo yakianguka hadi 800, ushuru uleule unazidi asilimia 6. Kodi kubwa zilikuwa zikipungua huku yake ikipanda bila mtu yeyote kuipandisha.

Mbona basi kaunti zisiusamehe ushuru huo hadi dhoruba ipite? Kwa sababu ushuru wa soko, leseni, maegesho na ada za hospitali ndiyo mapato yao ya ndani, na yote huporomoka siku ileile mwananchi anapoomba yasamehewe. Mgao kutoka hazina ya taifa ungeweza kuziba pengo. Lakini mgao wa mwaka wa fedha 2020/21 ulibaki shilingi bilioni 316.5, sawasawa na wa mwaka uliotangulia, na Seneti iliendelea kuvutana juu ya namna ya kuugawa hadi tarehe 17 Septemba 2020. Kukopa nako kunahitaji, chini ya Ibara ya 212, dhamana ya serikali ya taifa. Hazina ya dharura ya kaunti, katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ni jambo la hiari, na malipo yake kwa mwaka yamewekewa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliopita. Wakati huohuo amri za kufunga shughuli zilitoka juu: ni Waziri wa Afya wa serikali ya taifa aliyetangaza tarehe 6 Mei kufungwa kwa Mji wa Kale, Mombasa, na Eastleigh, Nairobi. Mwenye kuamuru hakulipa gharama ya amri yake.

Kuna watakaosema kwamba fedha zaidi kwa kaunti zingeliwa. Hofu hiyo ina msingi, ila haitofautishi ngazi moja na nyingine: kashfa kubwa ya ununuzi mwaka 2020, ya takriban shilingi bilioni 7.8, ilikuwa ya KEMSA, shirika la taifa. Zaidi ya hayo, ushuru uliosamehewa haupiti katika akaunti ya mtu yeyote. Unabaki mfukoni mwa mchuuzi. Pingamizi zito zaidi ni Kazi Mtaani, mpango wa taifa ulioajiri vijana wa mitaa ya mabanda na, katika awamu yake ya pili, kuwalipa shilingi 455 kwa siku. Mpango huo ulifika chini, lakini ulimfaa asiye na kazi. Mwenye meza sokoni angelazimika kuiacha ili anufaike nao. Kaunti ilikuwa na uwezo wa kulinda kazi iliyopo, kama Kitui ilivyoonyesha kiwanda chake cha kushona nguo kilipogeukia barakoa.

Hoja hii ina nguvu zaidi mijini, kwenye masoko makubwa, kuliko katika kaunti ambazo mapato ya ndani ni kidogo mno. Hata hivyo inatosha kuelekeza marekebisho mawili: hazina ya dharura iwe ya lazima kwa kila kaunti, na kila amri ya taifa inayozuia biashara isimamishe papo hapo ushuru wa soko, huku hazina ya taifa ikizifidia kaunti kwa wastani wa makusanyo ya miaka mitatu iliyotangulia. Hapo Musgrave atakuwa amepata haki yake, kwa kuwa gharama itabebwa na serikali kuu. Na ugatuzi utapata yake, kwa kuwa nafuu itatolewa na serikali pekee inayokutana na mchuuzi kila siku. Bila marekebisho hayo, janga lijalo litazikuta kaunti zikimdai ushuru mtu ambaye serikali imemkataza kuuza.