Kunyamazisha Jeni ya MYCN katika Nyuroblastoma: Tatizo la Kuzifikia Seli

Tangu mwaka 2018, Marekani na Ulaya zilipoidhinisha patisirani, dawa ya kwanza inayotibu kwa kuingiliwa kwa RNA, imezoeleka kudaiwa kwamba kanuni ya kunyamazisha jeni imekwisha kuthibitishwa na kilichobaki ni kuchagua jeni nyingine. Kwa nyuroblastoma, saratani inayotokana na seli changa za neva za simpatetiki na kuwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, jeni inayopendekezwa ni MYCN. Makala haya yanashikilia kwamba dai hilo limepima vizuri shabaha na kupima vibaya safari ya kuifikia.

Kuhusu shabaha hakuna ubishi wa maana. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 ana uvimbe wenye nakala nyingi mno za MYCN, hali iliyohusishwa na ugonjwa mkali tangu miaka ya 1980. Protini ya jeni hiyo haina mfuko ambamo molekuli ndogo za dawa zingeweza kunasa, kwa hiyo inavutia kuizuia isitengenezwe kabisa, kwa vipande vifupi vya RNA vinavyoifanya seli yenyewe iikate RNA mjumbe ya jeni husika (ndiko kuingiliwa kwa RNA), utaratibu ambao msingi wake Andrew Fire na Craig Mello waliueleza mwaka 1998 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katika maabara, seli zilizonyamazishwa MYCN hupunguza kugawanyika, na baadhi hukomaa au hufa.

Lakini patisirani ilifaulu kwa sababu ya ini. Chembe za mafuta zinazobeba RNA yake zikiingia katika damu hujivika protini iitwayo apolipoprotini E, ambayo seli za ini huipokea kwa wingi, na ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya transthairetini, protini inayolengwa. Zaidi ya hayo, kuipunguza protini hiyo kwa takriban asilimia 80 kulitosha kuwafaa wagonjwa. Nyuroblastoma kali haina hata moja kati ya masharti haya: imetapakaa katika tezi ya adrenali, mifupa na uboho, na seli chache zisizofikiwa na dawa zinatosha kuurudisha ugonjwa wote. Kiwango kinachohesabiwa ushindi katika ugonjwa unaotibiwa kwa patisirani ni kushindwa katika nyuroblastoma, na ni ajabu kwamba tofauti hii hupitwa haraka katika mijadala.

Wapo wanaojibu kwamba chembe hizo za mafuta zinaweza kuongozwa na kingamwili dhidi ya GD2, molekuli iliyojaa juu ya seli za nyuroblastoma. Jibu hilo lina uzito, kwani dinutuximabu, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huzitafuta seli hizo vivyo hivyo. Lakini GD2 ipo pia kwenye neva za maumivu, na kuifikia seli si kuingia ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya RNA inayomezwa hunaswa katika vifuko vya seli na kuharibiwa humo.

Hata hivyo, mfano wa dawa nyingine unaonyesha wakati unaofaa zaidi: eflornithini, iliyotumika pia dhidi ya malale, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa ambao matibabu makali yamekwisha kuupunguza ugonjwa. Nayo huzuia kimeng'enya ambacho MYCN hukichochea. Huenda ni katika hatua hiyo, baada ya matibabu makali, ndipo unyamazishaji unapopaswa kujaribiwa kwanza, seli zikiwa zimebaki chache, na kipimo chake kiwe idadi ya seli za uboho zilizofikiwa.