Kutoka Hongo hadi Geti: Ushuru katika Njia ya Idodi

Mtu aondokaye mjini Iringa kwenda Idodi hupita Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kisha hupita jirani na Mlambalasi, alikofia Mkwawa huyo tarehe 19 Julai 1898, na baada ya hapo nchi huinama, hewa hubadilika, na abiria aliyepanda gari amejikunyata kwa baridi ya mjini hujikuta akivua koti. Wageni huijua njia hii kuwa ya kwenda kutazama tembo wa Ruaha. Mimi kila niipitapo huiona kuwa njia ya ushuru.

Wakati wa mavuno ya mpunga, keti uani kwa mkulima wa Idodi utazame biashara inavyofanyika. Mnunuzi hufika na gari, husalimu "Kamwene, mama", huitikiwa "Kamwene", hutia mkono ndani ya gunia, huchota punje chache, huzisugua baina ya viganja mpaka maganda yatoke, hupuliza, hutazama kama mchele ni mzima au una chenga, na ndipo hutaja bei iliyo chini ya ile ya juma lililopita. Mama akihamaki, mnunuzi hana ugomvi naye. Hukunja vidole kimoja kimoja mbele yake: mafuta ya gari, makuli, mashine ya kukoboa, na geti. Kidole cha geti hukikunja polepole kuliko vingine, kana kwamba ndicho kimuumacho. Na mapatano yakiisha, gunia hujazwa kupita mdomo wake, likashonwa kwa kamba na kuvikwa kilemba cha lumbesa, ambacho bei yake haikutajwa hata kidogo.

Geti ni kizuizi cha ushuru wa mazao wa halmashauri. Kwa muda mrefu kiwango cha ushuru huo kilifika asilimia 5 ya thamani ya mzigo. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilikipunguza kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwenye kusafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka wilaya moja hadi nyingine akasamehewa. Sidai kuwa ushuru ni dhuluma, maana zahanati na madawati hayaoti kama uyoga. Lakini kwa sheria, mlipaji wa ushuru huu ni mnunuzi, na hilo msomaji naomba alishike, kwani tangu enzi ya misafara yule aandikwaye kuwa mlipaji na yule alipaye kwa hakika aghalabu wamekuwa watu wawili.

Babu wa geti ni hongo. Siku hizi neno hilo limeshuka hadhi, likawa ndugu wa mlungula. Bali katika karne ya 19 lilikuwa neno la halali, lenye maana ya ada aliyoitoa msafiri kwa mwenye nchi apate ruhusa ya kupita, kuteka maji na kununua chakula. Watemi wa Ugogo, ambao nchi yao ni kame na visima vyake ni vya kuhesabika, waliijua vyema thamani ya maji kwa msafara wa mamia ya watu, na Richard Burton, Mwingereza aliyepita huko mwaka 1857, alilipa kama walivyolipa Waarabu na Wanyamwezi waliomtangulia. Malipo yalikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, na nguo ilihesabiwa kwa doti, yaani mikono 8. Tajiri wa msafara ndiye aliyehesabiwa kuwa ametoa hongo. Lakini doti zilizokwenda kwa mtemi zilikuwa zile zile za kununulia chakula njiani, na hamali, mwenye mzigo wa karibu frasila mbili begani, posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Robota la nguo lilipopungua kabla ya safari kwisha, aliyekiona kibaba kikipungua hakuwa tajiri.

Pwani nako hesabu ilikuwa na kona zake. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, na Marekani uliukata ushuru wa bidhaa zao ziingiazo kuwa asilimia 5 na si zaidi. Waingereza wakapata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Forodha yenyewe Sultani aliikodisha kwa matajiri, ambao kati yao Jairam Shivji ndiye aliyedumu na kupata nguvu, na baadaye Taria Topan. Na madhali mgeni wa ng'ambo amekwisha kuwekewa mpaka na mikataba, uzito wa hazina uliegemea upande usiokuwa na balozi wa kuutetea, nao ni pembe na bidhaa nyingine zitokazo bara. Pembe ya ndovu iliyopita mikononi mwa watemi ikilipiwa hongo ililipiwa tena ilipofika pwani, na mwindaji wa bara, ambaye Unguja hakuijua ila kwa jina, ndiye aliyeuza kwa bei iliyokwisha kukatwa mara zote hizo.

Hata vita vya watu wa mbali vilimfikia mtu wa bara. Merikani ilipewa jina hilo kwa kuwa ilitoka Marekani, na bandari ya Salem, katika Massachusetts, ilikuwa mashuhuri Unguja kuliko miji mingi mikubwa ya nchi ile. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, pamba yao ilikwama, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikakishika kiti kilichobaki wazi. Kwa mtu wa bara, ambaye nguo hiyo ilikuwa vazi, mahari na sarafu kwa pamoja, ilikuwa kama mtu kuamka akaambiwa kwamba fedha iliyomo sandukuni mwake sasa inachapishwa na mtu mwingine.

Kisa cha ajabu kuliko vyote ni cha mtu mmoja. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha forodha ya pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Agosti wakala wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, alifika Pangani kuitwaa. Aling'ang'ania kupandisha bendera ya kampuni, akamfedhehesha liwali, na askari waliomsaidia wakauvunjia msikiti heshima. Mambo yaliyoanza kwa kukusanya ushuru yakazaa vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Watu wa pwani walimpa Zelewski jina la Nyundo. Miaka mitatu baada ya kufika Pangani, Nyundo yule yule, sasa ni kamanda wa jeshi, aliongoza kikosi kwenda kuwaadhibu Wahehe, ambao Wajerumani waliwalaumu kwa kuishambulia misafara ya biashara; na asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi ya Mkwawa yalimvamia, akauawa kwa mkuki pamoja na wengi wa askari wake. Kutoka meza ya forodha hadi kichaka cha Lugalo, ugomvi ulikuwa mmoja, ni nani mwenye haki ya kutoza njiani. Wajerumani waliujibu kwa mizinga Kalenga mwaka 1894, na mwaka ule ule aliokufa Mkwawa ilianza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, hata asiyesafiri akawa na hongo yake.

Naruka miaka mingi, maana ya mpunga yananisubiri. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005, na ndani yake mchele utokao nje ya jumuiya uliwekewa ushuru wa asilimia 75, ukuta mrefu wa kumkinga mkulima wa Idodi, wa Pawaga na wa Mbarali dhidi ya mchele wa Asia. Ukuta huo una mlango, na ufunguo hauko Idodi. Mwaka 2013 Serikali iliufungua, mchele wa nje ukaingia pasi na ushuru ili bei ipungue mijini, na kweli ilipungua, lakini iliteremka mpaka majarubani. Juni 2017 ilikuwa zamu ya mahindi, yasiuzwe nje pasi na kusagwa, na mkulima wa Iringa na Mbeya akabaki na ghala lililojaa na mfuko mtupu.

Aprili 2025, mwezi ambao Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 10 juu ya bidhaa za nchi nyingi, yetu ikiwamo, magazeti yalijaa habari za Washington, ilhali ugomvi uliotuuma ulikuwa Kasumulu, mpakani na Malawi. Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, na Afrika Kusini kwa muda mrefu ilizikataa ndizi zetu. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuyafungia mlango mazao ya nchi zote mbili. Katazo halikudumu, mazungumzo yakaliondoa. Kwa mwanadiplomasia hayo ni mafanikio ya haraka. Kwa mwenye ndizi za Rungwe zilizokwisha kukatwa, kila siku ya mlango kufungwa hula umri wa mzigo wake.

Huko Idodi, gari la mnunuzi likishaondoka, mama huzoa punje zilizomwagika wakati wa kujaza lumbesa, huzipepeta kwa ungo, huzitia ndani. Gari hufika getini. Kijana wa ushuru huzunguka nyuma, huhesabu magunia kwa kuyagusa moja moja, hurudi dirishani na kimashine chake, hutoa karatasi, na kuinua mti. Dereva huikunja karatasi, huichomeka juu ya usukani. Jina lililoandikwa humo ni la mnunuzi.